Mkimbizaji pikipiki bora kuliko wote: tuache kuhesabu mataji, tuulize wengine waliopewa pikipiki ileile walifanya nini

#1 – Mleta uzi

Wadau wa mbio za pikipiki, salaam.

Kila msimu wa MotoGP unapofungwa, swali la nani bora kuliko wote hurudi mezani, na kila mara mjadala huishia palepale: mmoja hutaja mataji 15 ya Giacomo Agostini, mwingine hujibu kwa jina la Valentino Rossi, wa tatu humleta Marc Márquez, kisha kila mtu huondoka na jina alilokuja nalo. Sidhani kama ni ukaidi. Naona kasoro iko kwenye kipimo. Taji la dunia huchumwa na mtu akiwa juu ya mashine, na jedwali la pointi halisemi ni sehemu ipi ililetwa na mkono wa mtu na ipi ililetwa na injini. Mwenye pikipiki inayozipita zote anaweza kujaza kabati la vikombe bila kusumbuliwa na yeyote, wakati mwenye pikipiki mbovu anaweza kuendesha kwa ufundi usio na mfano, akamaliza wa nne, na asikumbukwe na mtu.

Kwa hiyo naomba tujiulize swali moja: wengine waliopewa pikipiki ileile, msimu uleule, walifanya nini nayo?

Chukueni mwaka 2019. Márquez alikusanya pointi 420 akiwa na Honda, na katika kila shindano alilomaliza hakushuka chini ya nafasi ya pili. Mara moja tu hakumaliza, pale Austin, alipoanguka akiwa anaongoza. Sasa tazameni pointi za Honda katika ubingwa wa watengenezaji, ambako kila kiwanda huhesabiwa pikipiki yake iliyotangulia nyingine katika kila shindano. Zilikuwa 426. Zile sita zilizozidi zilipatikana siku hiyohiyo ya Austin, Takaaki Nakagami alipomaliza wa kumi. Maana yake ni kwamba katika mashindano mengine yote 18 hakuna Honda hata moja iliyofika kwenye mstari kabla ya ile ya Márquez. Mwenzake katika timu ya kiwanda alikuwa Jorge Lorenzo, bingwa wa dunia mara tano, ambaye ni kweli aliumia mgongo katikati ya msimu, lakini alimaliza mwaka akiwa na pointi 28, kisha akastaafu.

Mwaka 2024 ndio ulionifanya nianzishe uzi huu. Márquez aliacha mkataba mnono wa Honda akaenda Gresini, timu binafsi iliyokuwa inatumia Ducati za mwaka uliotangulia. Pikipiki za aina hiyo zilikuwa nne tu katika mbio zile. Yeye alipata pointi 392 na kumaliza wa tatu duniani, na katika wale watatu wengine, akiwemo mdogo wake Álex aliyekuwa naye kwenye timu moja, hakuna aliyefikia nusu ya pointi hizo. Mwaka 2025 alipopewa Ducati ya kiwanda alikamilisha ubingwa pale Motegi yakiwa yamebaki mashindano matano, na hilo likawa taji lake la saba katika daraja la juu na la tisa kwa jumla.

Kuna jambo jingine ambalo namba hazilionyeshi. Pikipiki ikiwa imelala kwenye kona kwa zaidi ya digrii 60, tairi la mbele likianza kuteleza, mtu wa kawaida huwa ameshaanguka kabla akili yake haijatambua kilichotokea. Márquez hapo hukandamiza goti na kiwiko kwenye lami kama mtu anayezuia mlango kwa bega, huendelea kushikilia usukani palepale ulipo wala hauvuti, na husubiri. Tairi hushika tena, pikipiki huinuka, naye huendelea na mbio. Valencia 2017, siku ya kuamua taji kati yake na Andrea Dovizioso, alifanya hivyo kwenye kona ya kwanza akiwa katika kasi kubwa mno, akapita kwenye changarawe, akarudi barabarani, akamaliza wa tatu na kutwaa ubingwa.

Mimi nasema ni Márquez. Karibuni mnipinge, ila mnipinge kwa kipimo.

#2 – Mchangiaji wa pili

Ndugu mleta uzi, kipimo chako kinavutia, lakini kinamwonea Agostini hata kabla hajapanda pikipiki. Mtu huyu ana ushindi wa mashindano 122 ya ubingwa wa dunia, yakiwemo 68 ya daraja la cc 500, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa daraja la juu, na 54 ya cc 350, na idadi hiyo haijafikiwa na mtu yeyote mpaka leo. Wakati wake mwendeshaji aliweza kukimbia daraja moja, akashuka, akapangusa jasho, akapanda pikipiki nyingine na kukimbia daraja la pili siku hiyohiyo, tena katika barabara zilizopita kati ya nyumba, miti na kuta za mawe. Kubaki hai peke yake kulihitaji ufundi.

Pia usiseme kwamba alikuwa mtoto wa mashine moja. Kabla ya msimu wa 1974 aliondoka MV Agusta, kiwanda kilichomlea kwa injini za mipigo minne, akaenda Yamaha, na katika shindano lake la kwanza akiwa na pikipiki hiyo ya mipigo miwili alishinda Daytona 200 mbele ya Wamarekani wenyewe. Mwaka 1975 akatwaa taji la cc 500, la kwanza katika historia ya daraja hilo kuchukuliwa na injini ya mipigo miwili. Naomba umpime kwa hayo.

#3 – Mleta uzi

Ndugu, hoja yako ya Yamaha naikubali yote, na kwa kweli kwangu mwaka 1975 una uzito kuliko mataji yake saba ya cc 500 yaliyoutangulia. Lakini tuangalie mataji hayo yalivyopatikana. Baada ya msimu wa 1967 Honda ilijitoa katika mbio, Mike Hailwood akatoka nayo, na mwaka 1968 Agostini alishinda mashindano yote 10 ya cc 500 na yote 7 ya cc 350. Katika cc 500 waliokuwa wanamfuata walikuwa zaidi ni watu binafsi wenye Norton na Matchless za silinda moja, wanaojigharamia wenyewe na kufunga mizigo yao wenyewe. Sipunguzi heshima yake. Alishinda kila alichowekewa mbele. Nasema tu kwamba hakuwekewa kikubwa.

Na pale alipowekewa, tunajua kilichotokea. Mwaka 1973 MV Agusta ilimpa pikipiki Phil Read pia. Kiwanda kilekile, mafundi walewale, msimu uleule, na taji la cc 500 likaenda kwa Read, ambaye alilichukua tena mwaka uliofuata Agostini akiwa ameshahama.

#4 – Mchangiaji wa tatu

Heshima kwenu nyote. Mleta uzi ametoa kipimo akidhani kinambeba Márquez, nami nitakitumia hichohicho kumbeba Rossi.

Mwaka 2003 Yamaha haikushinda hata shindano moja la MotoGP. Taji lao la mwisho katika daraja la juu lilikuwa la Wayne Rainey mwaka 1992. Rossi alikuwa Honda, pikipiki bora kuliko zote wakati ule, ameshashinda mataji matatu mfululizo ya daraja la juu, na watu walikuwa wanasema maneno hayahaya unayoyasema leo, kwamba ni pikipiki na wala si mtu. Akaondoka. Akaenda kwa walioshindwa.

Tarehe 18 Aprili 2004, pale Welkom nchini Afrika Kusini, shindano la kwanza la msimu, Rossi akiwa juu ya Yamaha aliongozana na Max Biaggi aliyekuwa juu ya Honda mpaka mzunguko wa mwisho, wakapishana na kupishana tena, na Rossi akavuka mstari mbele kwa tofauti isiyofika nusu sekunde. Baada ya hapo alisimama kando ya barabara, akaiegemeza pikipiki na kuibusu, kisha akakaa chini karibu na matairi, mabega yakimtikisika ndani ya kofia yake ngumu. Kwa kuwa alikuwa ameshinda pia shindano la mwisho la 2003 akiwa na Honda, alikuwa ameshinda mara mbili mfululizo kwa pikipiki za viwanda viwili tofauti. Mwaka huo alishinda mara 9 na kutwaa taji. Je, wengine waliokuwa na Yamaha walishinda mara ngapi? Hawakushinda hata mara moja. Hicho ndicho kipimo chako, mkuu, na jibu lake ni Rossi.

Nikumbushe na Phillip Island 2003, kwa wale wanaodhani alikuwa anashinda kwa kubebwa na Honda tu. Alipewa adhabu ya sekunde 10 kwa kumpita mwenzake penye bendera ya njano. Alipooneshwa ubao wa adhabu alianza kukimbia kwa kasi ambayo hakuwa ameitumia hapo kabla, akamaliza akiwa amewaacha wengine kwa zaidi ya sekunde 15, na hata baada ya kukatwa zile 10 ushindi ukabaki wake. Swali linalofuata ni hili: kumbe siku nyingine zote alikuwa anaendesha kwa kasi gani?

#5 – Mchangiaji wa nne

Nashangaa tumefika hapa bila Mick Doohan kutajwa. Mwaka 1992, akiwa anaongoza kwa pointi nyingi, alivunjika mguu wa kulia pale Assen, na matibabu yakaharibika kiasi kwamba nusura ukatwe. Daktari Claudio Costa alimwokoa kwa kuishona miguu yake miwili pamoja, ili damu ya mguu mzima iulishe ule mgonjwa. Aliporudi, mguu ule haukuwa tena na nguvu wala wepesi wa kukanyaga breki ya nyuma vizuri, kwa hiyo mafundi wakamtengenezea breki ya kubonyeza kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto. Kwa kidole hicho alishinda mataji matano mfululizo, kuanzia 1994 hadi 1998.

Kuhusu kipimo: mwaka 1997 mashindano yote 15 ya cc 500 yalishindwa na Honda. Álex Crivillé alishinda mawili, Tadayuki Okada moja, na Doohan 12. Pikipiki zilikuwa za kiwanda kimoja.

#6 – Mchangiaji wa tano

Kwa kipimo cha mleta uzi, jibu sahihi ni Casey Stoner, na sidhani kama kuna anayemkaribia.

Mwaka 2007 alikwenda Ducati akiwa kijana wa miaka 21 ambaye hakuwa ameshinda shindano lolote la MotoGP, akashinda mara 10 na kutwaa taji. Mwenzake Loris Capirossi, mtu mzima katika kazi hiyo na aliyeijua Ducati tangu ilipoingia MotoGP, alishinda mara moja, pale Motegi. Baada ya siku hiyo ya Motegi, hakuna binadamu mwingine aliyeshinda kwa Ducati isipokuwa Stoner mpaka Andrea Iannone aliposhinda Austria mwaka 2016. Marco Melandri aliijaribu akatoka kichwa kikiwa chini. Nicky Hayden, bingwa wa dunia wa 2006, aliijaribu kwa miaka mitano. Na Rossi mwenyewe, ambaye ndugu wa #4 amemsifia kwa haki, aliiendesha 2011 na 2012 na katika misimu yote miwili alipanda jukwaa mara tatu tu, bila ushindi. Stoner alikuwa ameiacha pikipiki hiyo mwishoni mwa 2010 baada ya kushinda nayo mara tatu mwaka huo. Alihamia Honda, na msimu wake wa kwanza tu, 2011, akawa bingwa.

Alistaafu mwishoni mwa 2012 akiwa na miaka 27. Watu humpunguzia heshima kwa sababu hiyo, jambo ambalo mimi silielewi, kwa kuwa mjadala wetu ni wa ubora na wala si wa uvumilivu.

#7 – Mchangiaji wa tatu

Nimesoma hoja ya Ducati na sitaikimbia. Ile miaka miwili ilikuwa mibaya. Rossi alifika akiwa na bega lililofanyiwa upasuaji na mguu uliokuwa umevunjika Mugello mwaka 2010, na pikipiki ya 2011 haikuwa ileile ya 2010, lakini nakubali kwamba alishindwa.

Ila kama Rossi atabebeshwa Ducati, basi Márquez naye abebeshwe Honda. Mwaka 2022 hakushinda hata mara moja. Mwaka 2023 hakushinda hata mara moja, na alianguka mara nyingi kuliko mwendeshaji mwingine yeyote wa MotoGP. Lakini Honda ilishinda mwaka huo wa 2023. Ilishinda Austin, mikononi mwa Álex Rins, aliyekuwa mgeni kwenye pikipiki hiyo na tena katika timu binafsi. Kwa kipimo chako, mleta uzi, mtu mwingine aliichukua pikipiki ileile, msimu uleule, akafanya nayo kile ambacho Márquez hakukifanya. Nasubiri jibu.

#8 – Mleta uzi

Ndugu yangu, umenipiga mahali panapouma, nami nitajibu bila kukwepa.

Kwanza, siku ile ya Austin Márquez hakuwepo, kwa kuwa alikuwa ameumia mkono kwenye shindano la kwanza la msimu nchini Ureno. Pili, Austin ni uwanja wa Rins. Alishinda hapohapo mwaka 2019 akiwa na Suzuki, siku ileile niliyoitaja Márquez alipoanguka. Lakini sitajificha nyuma ya hayo mawili, kwa sababu hata nikiyaondoa, ukweli unabaki kwamba miaka minne ya maisha ya Márquez, kuanzia Julai 2020, haikipi kipimo changu chakula cha kutosha. Ana ushindi wa mara tatu tu katika miaka hiyo, wote wa 2021.

Mimi naisoma miaka hiyo kwa namna nyingine. Tarehe 19 Julai 2020, pale Jerez, alivunjika mfupa wa juu wa mkono wa kulia. Siku chache baada ya upasuaji alijaribu kurudi uwanjani, na lilikuwa kosa ambalo alilipa kwa muda mrefu, kwa kuwa chuma alichowekewa kilivunjika baadaye na upasuaji ukarudiwa. Ulifuata wa tatu, na mwaka 2022 wa nne, ambao mfupa ulikatwa na kuzungushwa kwa sababu ulikuwa umeunga ukiwa umepinda. Mkono wa kulia ndio wa breki ya mbele na wa mafuta. Mwendeshaji aliyepungukiwa nguvu za mkono huo ni kama mwandishi aliyeumia vidole.

Na katikati ya hali hiyo kuna Sachsenring 2021. Uwanja ule una kona 10 za kushoto na 3 tu za kulia. Mkono mbovu ukapata nafuu kwa sababu ya umbo la barabara, na mara tu ulipopata nafuu hiyo, akashinda, kwa Honda ambayo mtu mwingine yeyote hakushinda nayo mwaka huo. Ulikuwa ushindi wake wa 11 mfululizo katika uwanja huo, akihesabu na madaraja madogo aliyoanzia. Hapo nilijua kwamba kilichokuwa kimepotea kilikuwa mfupa, na ufundi ulikuwa bado upo. Siku 1,043 baada ya ushindi wake wa mwisho wa 2021 alishinda tena, Aragón 2024, kwa ile Ducati ya mwaka uliotangulia.

Kuhusu Rossi wa 2004, nakubali kwamba ule ni msimu mmoja mkubwa kuliko wowote ambao mtu amewahi kuufanya katika MotoGP. Ninachoongeza ni kwamba alikwenda Yamaha pamoja na fundi wake mkuu Jeremy Burgess na sehemu kubwa ya kikosi chake cha Honda, na Yamaha walibadilisha injini kwa ajili yake kabla ya msimu. Márquez alikwenda Gresini akiwa karibu peke yake, akaikuta pikipiki kama ilivyo.

Ndugu wa #6, Stoner amenisumbua usiku. Nakiri kwamba sikuwa nimemweka mahali pake. Ndugu wa #5, Doohan pia, ingawa tusisahau kwamba Rainey, aliyekuwa bingwa mara tatu, alipooza kwa ajali ya Misano mwaka 1993, na Kevin Schwantz alistaafu 1995, hivyo wawili waliokuwa wanamsukuma kweli hawakuwepo tena.

#9 – Mchangiaji wa sita

Wanangu, mimi ni mtu mzima na nimefuatilia mbio hizi kwa miaka mingi. Mnabishana vizuri, lakini jina kubwa kuliko yote mmelipita kama jiwe la njiani. Mike Hailwood ametajwa mara moja tu, tena kama mtu aliyetoka ili Agostini apate nafasi.

Mwaka 1961, akiwa na miaka 21, alishinda mashindano matatu katika wiki moja ya Isle of Man TT, mbio zinazofanyika kwenye barabara za kawaida za kisiwa hicho: cc 125 na cc 250 kwa Honda, na cc 500 kwa Norton. Ana mataji tisa ya dunia katika madaraja matatu na ushindi wa mashindano 76. Namba hizo ni ndogo kuliko za baadhi ya mnaowataja, na ndiyo maana napenda mjadala ambao haukuanza na namba.

Ngoja niwasimulie Senior TT ya 1967, yaani mbio ya cc 500 ya kisiwani. Mizunguko sita, kila mmoja ukiwa na takriban kilomita 60 za barabara ya kawaida inayopita vijijini na mlimani. Hailwood alikuwa na Honda ya cc 500 yenye nguvu za ajabu na fremu isiyoziweza nguvu hizo, pikipiki iliyokuwa ikiyumba katika kasi kama punda aliyekataa mzigo. Agostini alikuwa na MV Agusta iliyotulia. Katikati ya mbio kishikio cha mafuta cha Hailwood kililegea. Aliposimama kuongeza mafuta aliomba nyundo, akakigonga kishikio kirudi mahali pake huku sekunde zikipotea, akaondoka, nacho kikaendelea kulegea. Kwa hiyo ilimbidi aendeshe pikipiki inayoyumba huku anakizuia kishikio kisichomoke kwa mkono uleule wa kuongezea mafuta. Hata hivyo alimfukuza Agostini na kumkaribia, mpaka katika mzunguko wa tano mnyororo wa MV ulipokatika. Katika fukuzana hiyo Hailwood alizunguka kwa wastani wa kilomita 175 kwa saa, na muda huo haukuvunjwa mpaka 1975. Mwaka ulipofungwa wote wawili walikuwa na pointi 46 na ushindi wa mara tano kila mmoja, taji likaenda kwa Agostini kwa kuwa na nafasi nyingi zaidi za pili.

Kisha akaondoka, akaendesha magari ya Formula One, akaumia mguu vibaya Nürburgring mwaka 1974, na watu wakadhani yamekwisha. Mwaka 1978, akiwa na miaka 38, baada ya miaka 11 bila kukimbia TT, alirudi kisiwani na Ducati. Mbele yake alikuwapo Phil Read na Honda ya kiwanda. Alimfikia barabarani, injini ya Read ikafa, na Hailwood akashinda. Mwaka uliofuata akashinda Senior TT kwa Suzuki ya mipigo miwili. Norton, MV, Honda, Ducati, Suzuki: nitajieni mwingine aliyeshinda kwa mashine zilizotofautiana namna hiyo, mbele ya waliozizoea.

#10 – Mchangiaji wa pili

Mzee wetu, shikamoo, na asante kwa simulizi. Mimi niliyeanza kwa kumtetea Agostini sina la kukupinga kuhusu 1967. Naongeza moja tu linalohusu TT: mwaka 1972 Gilberto Parlotti alipofariki katika mbio zile, Agostini, ambaye alikuwa tayari ameshashinda TT mara 10, alisema harudi tena kukimbia kisiwani, na hakurudi. Wengine wakamfuata, na baada ya 1976 TT ikaondolewa katika ubingwa wa dunia. Waendeshaji wa leo wanakimbia kwenye viwanja vyenye nafasi ya kuangukia kwa sababu watu wa namna yake walikataa. Najua kipimo cha uzi huu hakina nafasi ya jambo hilo, lakini nisingependa lipite bila kutajwa.

#11 – Mleta uzi

Shikamoo mzee. Nimeisoma #9 mara tatu, na nimerudi kwenye kipimo changu kuona kinasema nini.

Ile Honda ya cc 500 iliingia mbioni mwaka 1966, na mwanzoni haikuwa ya Hailwood peke yake. Jim Redman aliipanda katika mashindano mawili ya kwanza ya mwaka ule, Hockenheim na Assen, akayashinda yote mawili kabla ya kuanguka na kuumia Ubelgiji na kustaafu. Kwa hiyo ilikuwa ngumu, lakini mtu mwingine aliweza kushinda nayo. Hilo ndilo linalonizuia kumpandisha Hailwood juu kabisa. Kwa Márquez, mwaka 2025 alikuwa timu moja na Francesco Bagnaia, bingwa wa dunia mara mbili kwa Ducati, mtu aliyeijua pikipiki hiyo tangu 2019. Pikipiki za timu moja, za mwaka mmoja. Márquez alimaliza na pointi 545 na Bagnaia 288, ingawa Márquez aliumia Indonesia na hakukimbia mashindano manne ya mwisho.

Nilipoanzisha uzi huu nilikuwa na Márquez, Rossi na Agostini kwa mpangilio huo. Sasa nina Márquez, Hailwood na Stoner, Rossi akifuata kwa karibu kwa ajili ya Welkom na mwaka ule wote. Agostini ameshuka, na sijaona sababu ya kumpandisha.

#12 – Mchangiaji wa sita

Mwanangu, marahaba. Umesoma vizuri, na habari za Redman ni za kweli. Ila Hockenheim ni barabara pana iliyonyooka na Assen ni tambarare. TT ya mwaka 1966 ilisogezwa mpaka mwishoni mwa Agosti kwa sababu ya mgomo wa mabaharia, na Redman alikuwa ameshaumia, kwa hiyo hakuwahi kuipitisha Honda ile kwenye zile kilomita 60 za mlimani. Aliyeipitisha akashinda ni Hailwood, mwaka 1966 na tena 1967, kisha kiwanda kikaiweka kando. Mimi nabaki na wangu.